Historia ya Dunia Inapita Engare Nanyuki

Hotuba kwa wanachama na vijana wa Arusha na Meru



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya namna ya kujifunza historia ya dunia. Tunajua kwamba wengine kati yenu mkisikia maneno hayo mnafikiri mara moja juu ya wafalme wa Ulaya, majina ya vita, na tarehe za kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Mmefundishwa hivyo, na waliowafundisha nao walifundishwa hivyo. Kwa hiyo mtu wa Poli, wa Akeri au wa Sing'isi huona kwamba historia ya dunia ni mali ya watu wengine, na kwamba yeye ana hadithi za babu tu.

Sisi twasema sivyo. Historia ya dunia imepita hapa, chini ya Mlima Meru, na imepita kwa miguu, kwa farasi na kwa malori ya polisi. Neno letu leo ni moja: anayetaka kuielewa dunia na aanze na jambo moja la kwao, alichunguze kwa maswali yanayofaa mpaka limfikishe New York na kumrudisha. Jambo tulilochagua ni lile la ardhi ya Engare Nanyuki.

Kwanza tulieleze kwa kifupi, maana vijana wengi wanalisikia kwa jina tu.

Engare Nanyuki, maana yake maji mekundu kwa Kimasai, iko upande wa kaskazini-mashariki wa mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Tanganyika ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze habari za ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Humo ilishauriwa kwamba nchi iliyo kati ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro iwe eneo moja la masetla wa Kizungu wafugao ng'ombe, na Waafrika waliomo wahamishwe. Wameru wakakataa. Waliandika, walituma wajumbe, walikataa fidia. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwahamisha ikaanza, na polisi wakaja. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Walielekezwa Kingori, penye joto zaidi na maji machache zaidi.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha wenyewe, wakamtuma Bwana Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa pamoja na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 walisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Baraza lilieleza kusikitishwa kwake na kuhamishwa kwa watu kwa nguvu, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Baadaye katika mwaka huo huo shauri lilifika katika Kamati ya Nne, nako wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru. Lakini lilipopelekwa mbele ya Mkutano Mkuu mwezi Desemba 1952, theluthi mbili za kura hazikupatikana.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa, ndugu zetu, mwenye kuisikia na kuikariri bado hajajifunza historia. Ameshika jembe lakini hajalima. Kulima ni kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: nani amesema, lini, kwa nani, na alitaka nini?

Tunayo maneno ya namna nyingi juu ya Engare Nanyuki. Iko taarifa ya Jaji Wilson, iliyoandikwa kwa ajili ya wakubwa wa serikali kabla watu hawajahamishwa. Iko hati ya Wameru, iliyoandikwa ili kuyashawishi mataifa. Iko kumbukumbu ya mabaraza ya New York, ambako serikali ya Kiingereza ilikuwa ikijitetea. Kiko kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichotoka mwaka 1967, miaka 15 baada ya shauri, nchi ikiwa tayari huru. Na yako maneno ya wazee waliokuwa watoto siku ile ya moto.

Serikali ilisema: tumewapa Wameru ardhi nyingine badala ya ile, wala hawakupunjwa. Wameru walisema: ardhi si ukubwa wa eka tu, ni maji, ni malisho, ni afya ya ng'ombe, ni mahali tulipozika wazazi wetu. Mwanafunzi mvivu atasema mmoja ni mwongo, mwingine mkweli, basi. Mwanafunzi hodari ataona zaidi. Ataona kwamba serikali ilipima kwa ramani na Wameru walipima kwa maisha. Wote wawili walisema “ardhi”, lakini hawakusema kitu kimoja. Halafu ataondoka mezani aende Kingori, atazame mito, aulize wafugaji juu ya kupe na homa ya ng'ombe, kisha ndipo atoe hukumu. Hukumu hiyo itakuwa na miguu ya kusimamia.

Tuchukue mfano mwingine wa hapa hapa. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Vitabu vya misheni viliwaita mashahidi wa imani. Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani, aliyekuwa karibu na hapo na askari wake, alijibu kwa vita vya kuadhibu: watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ilikatwa. Watu wa mlima wana masimulizi yao: kwao, wageni wenye msalaba na wageni wenye bunduki walifika njia moja na siku moja, na haikuwa rahisi kuwatenga. Kwa hiyo ukisoma neno “mauaji” au neno “vita”, uliza nani amelichagua neno hilo. Neno moja hubeba upande mzima.

Swali la pili: jambo limetokana na nini? Hapo tuwe waangalifu, maana sababu zina karibu na mbali, kama mto wenye vijito.

Sababu ya karibu ni ile taarifa ya mwaka 1947 na amri iliyofuata. Lakini kwa nini serikali ilitaka masetla wa ng'ombe pale? Kwa sababu Uingereza ilitoka vitani ikiwa na njaa na madeni, ikatazama makoloni kwa chakula na mali. Ni miaka ile ile ya mpango wa karanga wa Kongwa, Nachingwea na Urambo, ulioanza mwaka 1946, ukala mamilioni ya pauni, ukaachwa mwaka 1951. Mtu wa Engare Nanyuki na mtu wa Kongwa hawakujuana, lakini shauri lililowagusa lilikatwa kwa hesabu moja ya jikoni kwa Mwingereza.

Tuende mbali zaidi. Kwa nini kulikuwa na masetla kuzunguka mlima? Kwa sababu Wajerumani, baada ya kuwashinda watu kwa silaha, waligawa ardhi ya chini ya mlima kwa wageni. Mwezi Machi 1900, Moshi ya Kale, waliwanyonga viongozi wa Wachagga, Wameru na Waarusha, akiwamo Mangi Meli. Hapa Arusha boma lilisimama, lile ambalo leo ni makumbusho. Kisha, kwenye mwaka 1904 na 1905, wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, watu waliotoka kushindwa na Waingereza katika vita vya 1899 mpaka 1902. Fikirini hilo: vita vilivyopiganwa Transvaal vilileta magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka kando ya Mlima Meru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani alinyang'anywa nchi. Mwingereza akaingia, lakini mashamba hayakurudi kwa wenyewe. Yalibadilisha bwana. Wameru wakabaki wamebanwa, juu msitu wa serikali, chini mashamba ya wageni, na watu na ng'ombe wakizidi kila mwaka. Ndiyo maana Engare Nanyuki ilikuwa pumzi yao.

Basi anayesema kwamba sababu ya jambo lile ilikuwa ukali wa ofisa mmoja amekata jani, ameacha mzizi.

Swali la tatu: wakati ule dunia ilikuwaje? Tusiwapime watu wa 1951 kwa kipimo cha leo bila kujua walichokuwa nacho mkononi.

Kwa nini Wameru walifikiri juu ya New York? Kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni kwa sheria. Ilikuwa nchi ya udhamini. Mwingereza alipewa kuiangalia na Shirika la Mataifa baada ya vita vya kwanza, na mwaka 1946 akatia sahihi mkataba mpya wa udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mkataba huo uliwapa wenyeji haki ya kupeleka malalamiko. Mkikuyu wa Kenya, aliyenyang'anywa ardhi vile vile, hakuwa na mlango huo. Wameru waliuona mlango, wakaugonga. Huo ulikuwa werevu wa kisiasa, wala haukuja kwa bahati.

Swali la nne: wengine walifanyaje? Kulinganisha ni macho ya pili.

Tazameni Kenya. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu. Malalamiko yalipokosa njia yaligeuka kuwa vita vya msituni, na tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Ni mwaka ule ule Kirilo alipokuwa New York. Tazameni Togo: Waewe walipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa, na Sylvanus Olympio alisema mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1947. Tazameni Afrika Kusini-Magharibi, ambayo leo ni Namibia: Waherero waliosemewa na kasisi Michael Scott walisikilizwa katika Kamati ya Nne mwaka 1949. Kwa hiyo Wameru hawakuwa peke yao duniani. Walikuwa sehemu ya watu waliokuwa wakijifunza kutumia chombo kipya.

Lakini kulinganisha si kusema kwamba yote ni sawa. Kenya ilikuwa na masetla wengi zaidi na serikali iliyowasikiliza zaidi. Namibia ilisubiri mpaka mwaka 1990 kuwa huru. Anayelinganisha vema huonyesha mfanano na tofauti, na husema tofauti imetoka wapi.

Swali la tano: nini kilibadilika, na nini kilibaki?

Kura za mwaka 1952 zilishindwa. Mtu wa haraka atasema basi, kazi ilikuwa bure. Lakini hesabuni miaka. Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, miaka 3 baada ya Kirilo. Njia ilikwisha kukanyagwa. Watu wa majimbo mengine walikwisha kuona kwamba kabila dogo la wakulima laweza kuisimamisha Uingereza mbele ya mataifa na kuidai majibu. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipandishwa. Hatusemi kwamba Engare Nanyuki peke yake ilileta Uhuru. Huko kungekuwa kuvuta kamba kwetu. Twasema ilikuwa moja ya shule ambamo Tanganyika ilijifunza kudai kwa umoja.

Na nini kilibaki? Mlima ulibaki na udongo wake wa majivu ya volkano. Mvua ya upande wa kusini ilibaki, na ukavu wa kaskazini ulibaki. Watu waliendelea kuongezeka na viunga vikaendelea kugawanyika kati ya wana. Swali la nani ana ardhi, na kwa kipimo gani, halikuondoka na mkoloni. Kijana ajifunzaje historia kama hajaona hilo?

Ndugu zetu, mkiyatazama maswali hayo matano mtaona kwamba yametupitisha katika mambo makuu ambayo dunia nzima huyachunguza. Tumeona watu na mazingira yao: mlima, mvua, kupe, maji. Tumeona utawala: mangi, boma, gavana, udhamini. Tumeona uchumi: ng'ombe, kahawa, njaa ya Ulaya baada ya vita. Tumeona imani na elimu: misheni iliyoleta Biblia ndiyo iliyoleta kalamu, na kalamu ile ile iliandika malalamiko. Tumeona jamii: nani anasema, nani anasemewa. Na hapo tuulize: akina mama wa Engare Nanyuki, waliobeba watoto na vyungu siku ya kuhamishwa, maneno yao yako wapi katika makaratasi? Ni machache. Mwanafunzi wa historia husoma hata pale palipoachwa wazi.

Mambo hayo hayo utayakuta China, Uhindi, Marekani na Peru. Atakayeyashika hapa hatapotea huko. Atajua la kuuliza.

Sasa tuna onyo, na onyo hili ni kwetu wenyewe, wapenda nchi. Historia ya kujisifu si historia. Mkoloni aliandika kana kwamba sisi tulikuwa tumelala mpaka alipofika. Tusimjibu kwa kuandika kana kwamba sisi hatukukosa kamwe. Waarusha na Wameru walipata kupigana wao kwa wao kabla ya Mjerumani. Kapteni Johannes alipokuja mwaka 1896 alifuatana na wapiganaji wa Kichagga, na baadhi ya watawala wa Kilimanjaro waliona faida katika kuanguka kwa jirani zao. Tukiyaficha hayo, hatutaelewa kwa nini umoja ulikuwa kazi kubwa, wala kwa nini ni lazima ulindwe. Na vijana watakapoyakuta katika kitabu cha mtu mwingine, watatuuliza kwa nini tuliwanyima. Njia ya mwongo ni fupi.

Tena tusidhani kwamba ushahidi wote umekwisha kupatikana. Mwezi Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa upande wa Kilimanjaro zama za Wajerumani na familia zilizo hai Tanzania. Zaidi ya miaka 100 mifupa ile ilikaa kabatini na namba juu yake. Familia hazikuacha kuuliza. Swali lililokaa karne nzima lilipata jibu kwa sababu masimulizi ya nyumbani na sayansi ya maabara viliwekwa meza moja.

Basi tufanye nini? Tunayo mambo matatu ya kuwaomba.

La kwanza, wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya moto wa Engare Nanyuki leo amepita miaka 80. Kila mwaka tunazika vitabu. Vijana, nendeni kwao sasa, mkiwa wawili au watatu, na daftari au na simu ya kunasa sauti. Salimuni kama ipasavyo, kaeni, msikilize. Andikeni jina la mahali, mwaka, nani alikuwapo, na mzee alilijuaje jambo: aliliona kwa macho au alisimuliwa? Msimkatize wala msimwekee maneno mdomoni. Waulizeni na bibi, si babu peke yao.

La pili, makaratasi. Katika masanduku ya nyumba zetu zimo stakabadhi za michango, barua, kadi, picha, ramani za mashamba. Msiwashie moto. Hata stakabadhi ya shilingi moja ni shahidi: inaeleza nani alichanga, lini, na kwa ajili gani.

La tatu, majadiliano. Chukueni jambo moja kila mwezi, mlisome kwa maandishi mawili yanayopingana, kisha kila mmoja aseme hukumu yake na ushahidi wake. Asiye na ushahidi aketi akatafute. Asiyekubaliana na wengi asizomewe, asikilizwe.

Mtatuuliza, hayo yote kwa faida gani? Faida ni hii. Mwaka 1947 watu wachache waliokuwa na ramani waliamua juu ya maelfu waliokuwa na maisha. Leo pia yako makaratasi, ramani na mikataba inayoletwa mbele ya watu wetu, wakiambiwa watie sahihi au wakae kimya. Mtu aliyezoea kuuliza nani ameandika, kwa nini sasa, wengine walifanyaje, na nini kitabaki kesho, mtu huyo hadanganywi kwa urahisi, awe anadanganywa na mgeni au na mwenyeji.

Wameru wa mwaka 1951 hawakuwa na chuo kikuu. Walikuwa na kumbukumbu, walikuwa na kalamu, na walijua ni swali gani la kuulizwa mbele ya nani. Sisi tunavyo vyote hivyo na zaidi. Daftari ni rahisi, na mzee yuko jirani. Anzeni wiki hii.

Uhuru na Umoja.